Injini Iliyofunikwa Blanketi

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka masikio yananiwaka mpaka leo, na mimi ni mzee mwenye wajukuu saba. Nitakusimulia, ila kwanza iweke chini hiyo telefone. Picha nimeiona. Nimeona kwadi nyekundu, pikipiki ya magurudumu manne, ya mashindano, imeoshwa mpaka kwenye misumari, na kijana wa Goma amesimama ubavuni mwake akicheka kama bwana harusi. Unaniuliza uinunue au uiache. Umekuja kwa mtu anayefaa, hilo sitakuficha kwa unyenyekevu wa uongo. Toka Kitchanga mpaka Walikale, uliza ni nani aliyeendesha kwadi moja ya mashindano miaka kumi na tisa, kwenye matope yetu haya, bila kuizika. Watakuelekeza hapa. Hawaniiti Papa Kwadi bure.

Lakini jina hilo lilianza kama jina la kunicheka, na hapo ndipo pa kuanzia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, hapa hapa Burungu, na nilikuwa mjuaji. Mjuaji wa ng'ombe hasa. Familia yetu ni ya wakulima wa maharagwe na mihogo tangu babu wa babu, lakini bibi yangu alikuwa na ng'ombe watatu, na mchungaji wao nilikuwa mimi. Nilipofika umri wa kuoa, bibi akanipa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mwenye rangi ya udongo mwekundu, nikamwita Gaju. Yule mtamba alikuwa na kazi moja tu duniani: kwenda kwa Papa Bakungu ili mimi nipewe binti yake, Mapendo.

Mapendo alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na akikucheka unajua umechekwa. Mahari yote ilikuwa imekwisha kupelekwa kwao, mbuzi, majembe, kitenge cha mama. Alibaki mtamba. Siku ilishawekwa, Jumapili ya kwanza baada ya kuvuna maharagwe.

Sasa sikiliza desturi, maana ninyi wa siku hizi mnaweza kuisahau. Mtamba wa mahari hapokelewi kama mfuko wa viazi. Wazee wa upande wa msichana wanamzunguka mbele ya watu wote, wanamfungua kinywa waone meno, wanainua kwato, wanapapasa kiwele, na kila mmoja anasema kwa sauti alichokiona. Sokoni nako wana hila zao. Muuza ng'ombe mjanja hamkamui ng'ombe wake tangu jana yake, ili kiwele kivimbe na mnunuzi aone mito ya maziwa. Ndiyo maana mtu wa Masisi anayejiheshimu haulizi ng'ombe huyu anatoa maziwa kiasi gani. Anauliza amekamuliwa lini. Kisha anaaga, anarudi kesho yake asubuhi, na ng'ombe anakamuliwa mbele ya macho yake. Hilo mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua Baba Yetu. Na mimi nililijua.

Mwaka ule mjomba wangu alinituma kupeleka madume yake Walikale. Kule msituni, Bisie, watu walikuwa bado wanachimba kasiterite, mawe ya bati, kwa nyundo na mikono, wengi kama siafu, na wote walitaka nyama. Tulitembea na ng'ombe siku kadhaa, tope mpaka magotini. Nilipofika Walikale, mbele ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa madini, nikaiona. Ilikuwa nyeusi yenye mistari ya njano, imechuchumaa kama chura anayetaka kuruka, matairi mapana, bomba la moshi limetuna kama shavu la mpiga tarumbeta. Mwenyewe akaniambia ilishinda mashindano Uganda, kwamba injini yake ni ile inayokunywa esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na oili, na kwamba kwenye milima yetu hakuna pikipiki itakayoigusa mkia. Nikarudi Burungu nikiwa mgonjwa. Nilikula sikushiba.

Nikapanga mipango yangu ya kijana. Maziwa ya malisho ya juu yalikuwa yanashuka Kitchanga kwa mgongo wa mtu, na mengi yalifika yamechacha. Nikajiambia: nikiwa na kwadi ile, kabla ya maharagwe kuvunwa nitampelekea Papa Bakungu mitamba wawili badala ya mmoja, na Burungu nzima itanyamaza. Sikumwambia bibi. Sikumwambia Mapendo. Nikamfunga Gaju kamba, nikashika njia ya Walikale. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi hata sikumpa mkuu nafasi ya kusema.

Nilifika saa sita mchana. Mfanyabiashara alijua ninakuja, maana nilijitangaza kwa kila dereva wa lori njiani. Nikakuta kwadi imesimama uani, injini yake bado inatoa mvuke. Akasema ndiyo kwanza anatoka nayo sokoni. Akapiga kiki moja tu, ikawaka, ikatoa mlio mmoja mkali ulioniingia kifuani na kukaa huko. Sikugusa kitu. Sikuuliza kitu. Mimi niliyeweza kukuambia umri wa ng'ombe kwa kutazama pembe, nilinunua injini kwa masikio. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikaiacha kamba ya Gaju mkononi mwa mtu yule, na mtamba wangu akanifuata hatua tatu kabla ya kuvutwa nyuma. Nilijifanya sikumwona.

Siku hiyo niliendesha kama waziri. Nikalala njiani, Nyabiondo, kwa rafiki. Asubuhi, na ubaridi wa milima yetu unaujua, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga kumi, nikapiga ishirini, mguu ukaanza kutetemeka. Vijana wa pale wakanisukuma kwenye mteremko, ikawaka ikikohoa, na ndani ya injini kitu kilikuwa kinagonga kama mtu anayebisha mlango kwa hasira. Ilipopata moto, kugonga kukanyamaza. Nikajidanganya kwamba imepona. Kumbe ugonjwa wake ndio huo: pistoni ilikuwa imelika, pete zake za chuma zimelika, na injini iliyolika hivyo ikiwa baridi haina nguvu ya kujibana ndani. Ikishapata moto chuma kinatanuka, inaficha aibu yake.

Burungu walinipokea kwa vigelegele. Kwetu mtu akipata kitu kikubwa lazima watu wakinywee, basi nikaleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, watu wakanywa huku wakipapasa matairi. Papa Bakungu alikuja pia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, buti za mpira, fimbo ya kuchungia chini ya kwapa, maneno machache. Hakunywa. Akaizunguka kwadi mara moja, akaniuliza mbele ya Mapendo, "Gaju iko wapi?"

Ningesema kweli siku ile, hadithi ingekuwa fupi na wewe ungekwisha kwenda zako. Nikajibu kwamba nimempeleka kwa shangazi yangu, kwenye malisho mazuri, anenepe kwa ajili ya siku yetu. Papa Bakungu akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mapendo alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nikaanza kazi ya maziwa. Wenye ng'ombe wa juu wakanipa mabidoni yao, madumu ya maziwa, wiki moja, wiki mbili. Kila asubuhi nilihitaji wanaume wanne wa kunisukuma na mteremko mrefu, na siku ya mvua mteremko wenyewe unateleza kama sabuni. Maziwa yalichacha juu ya kwadi yakiwa yamefungwa vizuri sana. Watu wakachukua mabidoni yao, wakayarudisha kwenye migongo ya watu. Hapo ndipo nilipopewa jina la Papa Kwadi, na walionipa walikuwa wamejishika mbavu. Maharagwe yakaanza kukauka shambani. Ikabaki wiki moja.

Ndipo akatokea kijana mmoja kutoka upande wa Masisi, jina lake Hangi. Alikuwa amesikia kwamba Burungu kuna kwadi ya mashindano. Naye alikuwa na mtamba mmoja, urithi wa baba yake, na alitaka tubadilishane. Tukapatana aje Jumamosi asubuhi, siku moja tu kabla ya Jumapili yangu. Nilimshukuru Mungu, mwanangu. Nilimshukuru Mungu kwa kuniletea mtu wa kudanganya. Ona shida inavyoweza kumpofusha mtu.

Jumamosi ile niliamka na jogoo. Nikaiteremsha kwadi kwenye mteremko mpaka ikawaka, nikazunguka nayo mpaka injini ikawa haishikiki, nikaipandisha nyumbani, nikafuta tope kwenye matairi, nikafagia alama zake uani. Kisha nikachukua blanketi langu la kulalia nikaifunika injini isipoe kabla ya Hangi kufika, kama mtu anayemfunika ndama aliyezaliwa kwenye mvua. Nikakaa kwenye kigoda nikijiona mjanja kuliko mfanyabiashara wa Walikale.

Ukungu ulikuwa haujainuka. Nikasikia buti za mpira. Papa Bakungu alikuwa anapeleka ng'ombe zake malishoni, akaingia uani kusalimia kama kawaida yake. Akalitazama blanketi. Akauliza kama kwadi inasikia baridi. Nikacheka, nikacheka peke yangu. Yeye akasogea, akapitisha kiganja chini ya blanketi, akakiacha pale, vile vile anavyokiacha kwenye kiwele cha ng'ombe wa sokoni. Mzee huyo hakuwahi kushika injini maishani mwake. Hakujua pistoni ni nini. Lakini mkono wake ulijua.

"Ndoole," akaniita kwa jina langu, "ng'ombe yenye haikukamuliwa, mwenyewe anajua. Mwenye kuinunua njo hajui."

Akaniuliza ninamngoja nani. Nikasema Hangi, wa Masisi. Akaniuliza huyo Hangi ana ng'ombe wangapi. Nikasema mmoja.

Akautoa mkono, akaufuta kwenye koti lake taratibu. "Na Gaju, ulimupeleka kwa shangazi na miguu ine, ao na magurudumu ine?"

Akaziita ng'ombe zake, akaenda. Hakunitukana. Angenitukana ningepona upesi, maana tusi linajibiwa. Mimi nilibaki pale na kigoda changu, na baba wa msichana ninayemtaka anajua kwamba mimi ni mwongo mara mbili.

Sasa fikiria nilipokuwa nimesimama. Nikimdanganya Hangi, ninapata mtamba, na Jumapili ninampeleka mbele ya watu. Papa Bakungu hangeniumbua, hilo nililijua; angepokea mtamba akanyamaza, na angenyamaza nami mpaka kaburini. Nikisema kweli, sina mtamba, na bila mtamba sina Mapendo. Na Hangi huyo, anapanda kilima, anamvuta mtamba wake kwa kamba, anatabasamu. Tabasamu lile nililijua. Lilikuwa langu, la Walikale.

Nikainuka, nikalivuta blanketi.

"Kaka," nikamwambia, "weka mukono hapa. Iko na moto sababu niliiwasha mbele ufike. Ikiwa baridi haiwake. Tungoje ipoe, njo uone mwenyewe."

Hangi hakuelewa mara moja, akadhani ni mzaha. Tukakaa. Tukala viazi na maharagwe, tukazungumza habari za mvua, injini ikapoa. Akapiga kiki mpaka akavua koti. Haikuitika hata kwa kikohozi. Akaichukua kamba ya mtamba wake, akaondoka bila kuaga. Njia nzima mpaka Masisi alisimulia habari zangu, na kila alipopita aliwaacha watu wanacheka.

Mchana ule Mapendo alinikuta mtoni. Alisema kwadi angeweza kunisamehe, vijana wote ni wajinga wa vyuma. Hata Gaju angeweza kunisamehe. Ila yeye alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka kwa shangazi yangu, na chumvi ya kumlambisha Gaju, akarudi na chumvi yake. Kumbe baba yake alijua kupitia kwake kwamba Gaju hayuko kule. Akaniambia kesho nisimame mwenyewe nijitetee, maana yeye hatanisemea hata neno. Kisha akachota maji yake akapanda.

Jumapili ikafika, tulipotoka misani. Watu wa kwao wamekaa, watu wa kwetu wamekaa, bibi yangu ameinamisha kichwa. Nikasimama katikati, mikono mitupu. Nikasema yote, Gaju, Walikale, shangazi, blanketi, sikubakiza. Mashangazi wa Mapendo wakafyonya. Mjomba wake mmoja akasema wazi kwamba kuna mwalimu wa Kitchanga amekwisha kuuliza habari za binti huyu, na mwalimu hana magurudumu ya kusukumwa. Watu wakacheka. Nilitaka ardhi ipasuke.

Papa Bakungu alingoja kicheko kiishe. "Ng'ombe tunaweza kuingoja," akasema. "Maharagi ya mwaka kesho ikivunwa, akuwe hapa na mutamba. Kama hana, binti yangu iko huru."

Mwaka mmoja, mwanangu. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye anaweza kukutuma kazi. Wiki ile ile niliifungua injini kwenye kwadi, nikaifunga kwenye mfuko wa maharagwe, nikapanda juu ya malori matatu mpaka Hombo. Pale, penye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Kisangani, alikuwako fundi mzee, Papa Luka, aliyefungua injini za malori tangu ujana wake. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, na kabla ya kufungua injini yoyote alinawa mikono kama padri. Nikamwambia nitamfanyia kazi mpaka anisaidie kuiponya hii. Akaninyoshea mswaki na beseni ya esansi. Wiki mbili nzima nilikuwa naosha vyuma tu.

Siku moja nikachoka, nikamuuliza nitaendesha lini. Akavua miwani. Akasema injini ya shamba inahesabu miaka, lakini injini ya mashindano inahesabu masaa, na mtu asiyejua kuhesabu masaa akae na chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kusukuma. Maneno yale nayapenda mpaka leo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitu kilichotengenezwa kishinde wengine kinataka kuhudumiwa kuliko wengine, na mtu akikipenda kwa mbio zake tu, bado hajakipenda.

Nilikaa kwake miezi minne. Pistoni mpya na pete zake vilitoka Bukavu, silinda ikakwanguliwa upya, na kichujio cha hewa, kile cha sifongo, kilikuwa kimechanika nyuma mahali ambapo hakuna mtu aliyetazama; vumbi lote la Walikale lilikuwa limepitia pale likasaga moyo wa injini. Papa Luka alinifundisha kuchanganya oili na esansi kwenye chupa ile ile kila mara, kabla ya kumimina, kamwe si kwa kukadiria kwa jicho. Alinifundisha jambo moja ambalo watu wa milima yetu wanalikataa mpaka leo. Kwenye mteremko mrefu tunapenda kufunga esansi na kuacha chombo kijiteremkie, tunaona tumeokoa. Injini ya aina hii inapata oili yake ndani ya esansi. Ukiifunga kabisa huku magurudumu yanaizungusha, unaizungusha kavu, na chini ya mlima utafika na chuma kilichoshikana. Ipe kidogo kidogo, alisema, kama unavyomnywesha mgonjwa.

Nikarudi Burungu. Nikaifunga injini mahali pake, na asubuhi moja ya baridi, watu wamejipanga wakingoja kucheka, nikapiga kiki. Ya kwanza, hapana. Ya pili ikawaka. Yule mjomba wa Mapendo alikuwa wa kwanza kuomba apande nyuma.

Hapo sasa niache nijisifu, kazi niliyofanya nimeifanya. Mabidoni manne, mawili kila upande, kutoka malisho ya juu mpaka Kitchanga, na maziwa yakafika matamu kama yalivyotoka. Kila jioni nilikiosha kile kichujio, nikakikausha, nikakipaka oili, hata nikiwa sina nguvu ya kula. Kila tangi la esansi lililokwisha nilichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, bibi akigomba kwamba namchafulia nyumba, na mistari ikifika idadi aliyonipa Papa Luka nilifungua silinda kutazama pete, hata kama injini haijalalamika. Ng'ombe akianza kulalamika amekwisha kuumwa. Mvua ilinyesha, barabara zilikatika, siku nyingine tulikimbia vita sote na kurudi, na kwadi ile ilirudi nasi. Mfugaji mmoja wa juu, ambaye nilimshushia maziwa msimu mzima bila kumwaga bidoni hata moja, akanilipa kwa mtamba mweusi mwenye nyota nyeupe usoni. Nilimtembeza nyumbani kwa miguu, sikutaka achoke.

Jumapili ya maharagwe ikafika tena. Watu wale wale, uwanja ule ule. Nikaingia nimemshika mtamba kamba. Wazee wa upande wa Mapendo wakainuka kama desturi inavyotaka, na yule mjomba akakunja mikono ya shati, akanyosha mkono amfungue mtamba kinywa. Papa Bakungu akaiweka fimbo yake katikati.

"Muache," akasema. "Musimuangalie. Mwenye kumuleta nilisha kumuangalia."

Nimepata sifa nyingine maishani, mwanangu, nimepewa hata karatasi yenye muhuri siku za uzee. Hakuna iliyofika pale. Mama yenu Mapendo anasema nililia, msimsikilize, lilikuwa ni vumbi.

Basi chukua nasaha yangu. Nenda Goma ukaione kwadi hiyo, lakini usimwambie mwenyewe saa ya kufika. Kabla ya kusema "nimeipenda", weka kiganja kwenye injini. Ukikuta ina moto, mshukuru, mwambie utarudi kesho, na urudi kweli. Ikiwa baridi, iwashe wewe mwenyewe, usiwashiwe, na usikilize kama kuna kitu kinagonga. Lala chini uchafue shati, tazama chuma cha tumboni kama kimechomelewa baada ya kuanguka, shika kila gurudumu ulitikise, fungua kichujio utazame nyuma yake, si mbele. Muulize imefunguliwa lini mara ya mwisho, asiyejua, hajaifungua. Ikishakuwa yako, uioshe na uihesabie masaa yake bila kuona haya, maana atakayekucheka leo kesho ataomba lifti. Usinunue kwa kiburi chako. Jivunie kitu baada ya kukitunza, hapo hata mimi nitakuja kukipigia makofi.

Na siku utakapokiuza, sema ubovu wake kabla hujasema uzuri wake. Mimi nimeuza injini nyingi tangu wakati ule, Walikale, Hombo, Masisi, na mpaka leo hakuna njia ninayoikwepa.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe mlima na nguvu ya kuupanda, akupe mke wa kukucheka unapostahili. Na kila uliyemuuzia kitu, mkutane njiani, awe wa kwanza kukusalimia. Amina.